Gari na Maji ya Mafuriko Uganda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mvua za Machi hadi Mei zikianza, na zile za Septemba hadi Desemba, maswali haya huja kutoka kwa madereva wa teksi, wa malori yanayoingia Malaba na Busia kuelekea Mpondwe au Elegu, na wenye magari madogo ya familia. Majibu yameandikwa kwa ajili ya dereva. Kama sasa hivi umekaa ndani ya gari lililozimika majini, jibu lako ni fupi: usipige stata. Toa ufunguo, angalia usalama wako na wa abiria, mengine utayasoma ukiwa pakavu.

Kwa nini nisijaribu kuwasha, hata mara moja tu?

Kwa sababu mara nyingi gari linapozimika, injini bado ni nzima. Huenda waya au koili imelowa, huenda filta ya hewa imelowa chapachapa na injini ikakosa pumzi. Maji yako kwenye bomba la hewa, hayajafika ndani, au yamefika kidogo tu. Ukipiga stata, injini inavuta hewa, na pale kwenye hewa pamekaa maji. Unayavuta mwenyewe mpaka ndani ya silinda. Silinda nyingine zikishika moto, zinaisukuma kwa nguvu ile silinda yenye maji, na hapo chuma hupinda.

Injini nyingi zinazoletwa gereji baada ya mafuriko zilivunjwa na ufunguo. Dereva huwa hasemi. Unamuuliza, "Ulijaribu kuwasha?" Anajibu, "Kidogo tu." Hiyo kidogo ndiyo bei ya injini.

Maji yanavunjaje chuma?

Injini hufanya kazi kwa kubana hewa. Pistoni inashuka, inavuta hewa. Inapanda, inaibana mpaka ibaki kwenye nafasi ndogo sana juu yake, ndipo mafuta yawake. Hewa inakubali kubanwa. Maji hayakubali. Pistoni ikipanda na kukuta maji yamejaa ile nafasi, inasimama ghafla, huku kranki, yaani ule mhimili unaozungushwa na pistoni zote, bado inazunguka na kuisukuma. Kinachokaa katikati ya hao wawili ni konrodi, yaani ule mkono unaounganisha pistoni na kranki. Ndiyo inayopinda. Kama injini ilikuwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, hiyo ni zaidi ya mizunguko 33 kwa sekunde; konrodi inaweza kukatika, ikarushwa na kutoboa bloku. Ukiona tundu ubavuni mwa injini na oili imemwagika barabarani, ndicho kilichotokea.

Swali linalofuata huwa ni maji kiasi gani. Tupige hesabu. Injini ya petroli ya lita 2.0 yenye silinda nne ina sentimita za ujazo 500 kwa kila silinda. Kama inabana hewa kwa uwiano wa 10 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa ni kama sentimita za ujazo 55. Hicho ni kikombe kimoja kidogo cha kahawa chungu, kile cha kando ya barabara. Huhitaji ndoo.

Basi dizeli ni imara zaidi? Pikapu na malori hupita tu.

Hupita kwa sababu yako juu, si kwa sababu ya dizeli. Kwenye maji ya kina kimoja, dizeli ina hatari yake. Inabana hewa zaidi, mara 16 hadi 20 na ushee, kwa hiyo nafasi inayobaki juu ya pistoni ni ndogo. Injini ya lita 3.0 yenye silinda nne na uwiano wa 18 kwa 1 inabakiza kama sentimita za ujazo 44 tu, ingawa silinda yenyewe ni kubwa kuliko ya petroli tuliyopigia hesabu. Tena dizeli haina plagi za moto wala koili za kulowa. Petroli mara nyingi huzimika mapema kwa sababu umeme umelowa, na hiyo ni bahati. Dizeli inaendelea kuunguruma mpaka inameza maji ikiwa na nguvu zake zote.

Maji yanaingilia wapi hasa?

Kwenye mdomo wa bomba la hewa, ile njia inayoelekea kwenye filta. Fungua boneti leo, gari likiwa kavu, ufuate bomba kutoka kwenye boksi la filta mpaka mwisho wake. Kwenye magari mengi madogo yanayotoka Japani mdomo huo uko nyuma ya taa ya mbele au juu ya rejeta. Mengine umeshuka ndani ya matigadi, chini zaidi ya unavyodhani. Kama filta iliwahi kubadilishwa na fundi wa haraka, angalia pia kama bomba lilirudishwa. Magari mengi yanatembea mdomo ukiwa wazi mahali popote. Pima kwa rula kutoka chini mpaka hapo. Huo ndio mpaka wako, na hata huo unadanganya, maana maji hayatulii: lori likikupita linatuma wimbi linalopanda mpaka kwenye boneti.

Bomba la moshi watu huliogopa bure. Injini ikiwa inawaka, moshi unayasukuma maji nje. Tatizo linakuja ikizimika, maji yakapata muda wa kurudi kinyumenyume.

Kina gani ni salama?

Kwa gari dogo la saluni, maji yakifika katikati ya tairi, geuza. Hapo ni kama sentimita 30, yaani goti la mtoto. Maji yanayotembea ni habari nyingine: sentimita 30 za maji yanayokimbia zinatosha kuinua gari dogo na kulisogeza, na sentimita 60 huchukua magari mengi, hata yale makubwa ya familia. Land Cruiser za mfululizo wa 70 kiwanda kinazipa sentimita 70, lakini hiyo ni kwa maji yaliyotulia, mwendo wa pole, na gari ambalo mipira yake ya kuzuia maji haijazeeka. Ya kwako imekula miaka mingapi ya murramu?

Sipendi ushauri wa "fuata lililo mbele yako." Lililo mbele yako huenda ni Hiace iliyobeba abiria kumi na wanne, nzito na iliyo juu. Wewe uko kwenye Vitz.

Ni barabara zipi za kuogopa?

Kampala ni vilima, na mabonde yake mengi yalikuwa madimbwi ya mafunjo. Maji ya katikati ya mji hushuka kwenye mtaro wa Nakivubo kuelekea Ziwa Victoria, ndiyo maana Clock Tower, Queensway na pembeni ya soko la Owino hujaa upesi. Upande wa kaskazini maji hushuka kwenye kinamasi cha Lubigi: Bwaise na Kalerwe wanalijua hilo kuliko mtu yeyote. Mitaro ikishazibwa na chupa na kaveera, yaani mifuko ya plastiki, nusu saa ya mvua kubwa inatosha.

Jambo jema kuhusu mafuriko ya Kampala ni kwamba mengi hushuka upesi. Egesha kwenye kituo cha mafuta kilicho mwinukoni, kula rolex, ile chapati ya mayai, subiri. Mtu aliyechelewa saa moja na nusu bado ana gari.

Nje ya mji hali ni tofauti kabisa. Kule maji yana nguvu za mlima. Mto Nyamwamba wa Kasese ulileta mawe na magogo Mei 2013 na tena Mei 2020. Mbale, usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito Nabuyonga na Namatala ilijaa na watu wakafa, wengine wakiwa barabarani. Na Mei 2023 mto Katonga uliikata barabara kuu ya Kampala–Masaka, magari yakazungushwa kupitia Kanoni na Sembabule. Kwenye maji ya namna hiyo kusahau injini ni sawa, kwa kuwa swali la kwanza ni kama chini ya maji bado kuna barabara.

Nikilazimika kupita, nipite vipi?

Kwanza hakikisha umelazimika. Halafu:

Simama, tazama wengine wakipita, hasa magari ya kimo chako. Angalia ukingo wa lami na mahali mitaro ilipo. Mashimo ya mitaro yasiyo na mifuniko yamekula magurudumu mengi na yamewahi kula watu. Zima eyakondishena, kwani inaweza kuwasha feni ya rejeta, na feni ikizunguka ndani ya maji hupinda au kuunguza mota yake. Shusha vioo vya mbele. Vioo vya umeme vikilowa havishuki, na mlango uliosukumwa na maji kutoka nje haufunguki.

Ingia gia ya kwanza, au L kwa otomatiki, mwendo wa mtu anayetembea. Usibadilishe gia katikati, usiachie mafuta. Pole pole gari linasukuma wimbi dogo mbele yake, na nyuma ya wimbi hilo maji yanashuka kidogo. Ukienda kasi unalipanda wimbi lako mwenyewe na linaingia kwenye mdomo wa hewa. Usiingie lori likiwa linakuja upande wa pili. Ngoja lipite, hata kama walio nyuma wanapiga honi. Hao wa honi hawatakuchangia injini.

Vijana wamekuja kunisukuma. Wanasema niweke gia washtue.

Vijana wa mafuriko wana msaada wa kweli, na pesa yao ni halali. Wape wakusukume mpaka pakavu, gari likiwa nyutro. Ila wakianza "weka namba mbili, achia klachi!" kataa. Kushtua ni kubaya kuliko stata. Stata ina nguvu ndogo na mara nyingi hukwama yenyewe ikikuta maji. Lakini magurudumu yanayozungusha injini kwa uzito wa gari zima hayakwami. Yanapinda konrodi tu.

Kuvutwa pia ni nyutro, ufunguo umefunguliwa hatua ya kwanza ili usukani usijifunge. Otomatiki isivutwe mbali magurudumu yake ya kuendeshea yakiwa chini. Subaru na nyinginezo zinazovuta kwa magurudumu yote manne zipandishwe juu ya lori la bredauni. Ukifika pakavu, chomoa waya wa hasi wa betri.

Fundi anapaswa kufanya nini, na kwa mpangilio gani?

Hapa ndipo uwe macho, kwa sababu fundi mwenye haraka atafungua boneti, apulize filta, aseme "piga." Usipige.

Afungue boksi la filta ya hewa kwanza. Filta kavu na bomba kavu maana yake injini haikuvuta maji, tatizo litafutwe kwenye umeme. Filta ikiwa imelowa, au kuna maji chini ya boksi, achomoe dipstiki aangalie oili. Kisha atoe plagi zote, au nozeli ama plagi za kupashia moto kwa dizeli, na azungushe injini kwa mkono, kwa spana kwenye puli ya kranki. Ikigoma kuzunguka hata plagi zikiwa nje, kuna kilichovunjika, asilazimishe. Ikizunguka vizuri, ndipo stata ipigwe kwa vipindi vifupi huku tundu za plagi zikiwa wazi na mafuta yamekatwa. Maji yatatoka yakiruka, kwa hiyo mtu asiinamie hapo juu.

Baada ya hapo oili kidogo ndani ya kila silinda. Oili ya zamani imwagwe yote, filta mpya, oili mpya. Injini iwake dakika chache, isimame, oili iangaliwe. Ikiwa bado imepauka, imwagwe tena. Ndiyo, ni gharama mara mbili. Oili ya bei rahisi inatosha kwa hiyo ya kwanza ya kuoshea.

Kazi hii isilale. Kuta za silinda ni chuma kitupu kilichong'arishwa. Maji yakikaa siku moja mbili kutu inaanza, na ringi za pistoni hukwama. Gari lililosubiri wikendi ndugu wachange fedha mara nyingi ndilo linaloishia kubadilishiwa injini.

Oili imegeuka rangi ya maziwa. Imekwisha?

Imechanganyika na maji. Ikiwa uliligundua kabla ya kuwasha, hali si mbaya: imwage, safisha kama ilivyoelezwa. Ikiwa uliendesha hivyo kutoka Natete mpaka Mukono, beringi za kranki zimekuwa zikizunguka bila utando wa oili unaozitenganisha na chuma. Hizo zikianza kugonga, injini inafunguliwa. Na kama oili ilikuwa imepauka hata kabla ya mafuriko, usiyasingizie maji ya barabarani. Angalia gasketi ya silinda hedi.

Liliwaka, linatembea, lakini lina mlio au linatetemeka.

Hili ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu dereva anaona amepona. Konrodi inaweza kupinda kidogo tu, injini ikawaka na ikavuta. Pistoni hiyo sasa haifiki juu kama wenzake, silinda inabana vibaya, kuna mtetemo gari likiwa limesimama, na konrodi inaendelea kuchoka. Inakatika wiki kadhaa baadaye, pengine ukiwa katikati ya msitu wa Mabira na familia ndani.

Mwambie fundi apime mgandamizo wa silinda zote. Moja ikiwa chini ya nyingine waziwazi, apime kimo cha pistoni ikiwa juu kabisa, kwa kijiti chembamba kupitia tundu la plagi, alinganishe na nyingine. Hakuna oili nzito wala dawa ya chupa inayonyoosha konrodi.

Nilipita salama bila kuzimika. Kuna la kuangalia?

Lipo. Kanyaga breki pole pole mara kadhaa ukiwa unatembea taratibu, zikauke, kabla hujaingia kwenye mteremko. Ndani ya siku chache waangalie oili ya giaboksi na ya difu, ile gia iliyo katikati ya magurudumu ya kuendeshea. Difu yenye moto ikizama kwenye maji baridi hupoa ghafla na kuvuta maji kupitia kipumuaji chake. Oili inapauka na meno yanaliwa kimya kimya. Otomatiki haivumilii maji hata kidogo. Beringi za magurudumu zikianza kuvuma mwezi mmoja baadaye, usishangae.

Inua mazulia. Kwenye baadhi ya Subaru kompyuta ya injini iko chini ya zulia la abiria wa mbele, na magari mengi yana soketi za waya chini ya viti. Kuacha zulia lililolowa likauke lenyewe ni kununua kutu.

Snorkeli inasaidia?

Snorkeli ni bomba linalopandisha mdomo wa hewa juu. Ile iliyofungwa vizuri, na boksi la filta lisilovuja, inasaidia injini. Haisaidii oltaneta, giaboksi, difu wala wewe. Nyingi zinazofungwa mjini ni pambo: bomba liko juu, maungio ya chini yako wazi.

Na bodaboda?

Bajaj Boxer na nduguze zina injini ndogo, hivyo maji ya kijiko kimoja au viwili yanatosha kuikwamisha. Uzuri wake ni kwamba kazi ni rahisi. Usipige kiki. Toa plagi, kisha piga kiki ya pole mara kadhaa ili maji yatoke. Fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage petroli iliyochanganyika, kausha filta, angalia oili kwenye dirisha lake. Iliyopauka imwagwe kabla ya kubeba abiria mwingine, si jioni.

Bima italipa?

Bima ya lazima, ile ya mtu wa tatu ambayo magari mengi yanayo, haigusi injini yako. Bima kubwa inaweza kulipa, kulingana na ilivyoandikwa: tafuta neno mafuriko kwenye mkataba, na utafute sehemu inayozungumzia uharibifu uliosababishwa na dereva kuendelea kuendesha au kuwasha. Piga picha gari likiwa ndani ya maji, zionyeshe kina chake. Piga simu kabla fundi hajafungua kitu, kwa sababu mkaguzi akikuta injini imefunguliwa atakuwa na sababu nzuri ya kukataa.

Tengeneza au nunua injini nyingine?

Konrodi moja imepinda, bloku nzima, kranki nzima: tengeneza, kama una fundi mwenye subira na mahali pazuri pa kupimia kranki. Bloku imetoboka: hapo maji yamezidi unga, nenda Kisekka au Katwe ukatafute injini iliyotumika. Usinunue iliyokaa chini bila kifuniko cha mdomo wa hewa. Huenda nayo imenyeshewa. Toa plagi, izungushe kwa mkono mbele ya muuzaji, angalia oili, dai risiti yenye namba ya injini. Namba hiyo ibadilishwe kwenye logibuku, la sivyo siku ya kuuza gari au ya kusimamishwa na askari utaeleza mengi.

Nitajuaje gari ninalonunua halikuzama?

Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake. Watu huosha viti na mazulia, wachache huosha mkanda uliojiviringisha ndani, na tope huacha mstari. Pitisha kidole chini ya dashibodi kwenye mafundo ya waya. Angalia boliti za viti kama zina kutu, taa za mbele kama zina ukungu ndani, shimo la tairi la akiba kama lina mchanga. Gari lenye harufu kali ya manukato kwenye bondi, yaani yadi ya kuuzia magari, likiwa na madirisha yamefungwa, omba likaachwe juani saa mbili kisha unuse tena. Kwa gari linaloagizwa moja kwa moja kutoka Japani, dai karatasi ya mnada na umpe mtu anayesoma Kijapani. Gari lililozama huandikwa humo, na muuzaji anayesema karatasi imepotea, mwache na gari lake.